Uhuru wa Kuabudu na Haki ya Jirani: Mafunzo ya Historia Kutoka Dodoma

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba wake, na wote waliofuata mwenendo wao mwema mpaka Siku ya Malipo.



Ama baada ya hayo, leo tunakusudia kuzungumza juu ya uhuru wa kuabudu na namna unavyolindwa. Watu wengi hudhani kwamba kila wenye dini huulinda uhuru wao wenyewe: Waislamu wailinde misikiti, Wakristo wayalinde makanisa, na wengine watajijua. Historia inatufundisha kinyume cha hayo. Inatufundisha kwamba uhuru wa mtu kumwabudu Mola wake haudumu pale ambapo uhuru wa jirani yake umevunjwa. Tutaitazama historia hiyo katika nchi yetu hii ya kati, Dodoma na Ugogo, kisha tutazame kwa majirani zetu, tupate kujua wajibu wetu.

Tuanze na Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Katika Sura ya Hajj, aya ya 39 inawapa ruhusa waliodhulumiwa wajitetee, na aya ya 40 inaeleza sababu yake. Aya hiyo inataja nyumba za aina nne ambazo dhulma ya wanadamu ingaliziangamiza kama Mola asingaliizuia: maskani ya watawa, makanisa, mahekalu ya Mayahudi, na misikiti. Zingatieni, ndugu zangu, mpango wa maneno. Msikiti umetajwa mwisho. Waislamu wa kwanza, waliofukuzwa makwao kwa sababu ya imani yao, waliporuhusiwa kujitetea waliambiwa kwamba nyumba zinazostahili kinga si zao peke yao.

Wala masahaba hawakulipata somo hilo kwa maneno tu. Mnamo mwaka 615, kabla ya Hijra ya Madina, Mtume (S.A.W.) aliwaamuru baadhi yao wakimbilie Uhabeshi, nchi ya Afrika yetu hii ya Mashariki, kwa mfalme Najashi, aliyekuwa Mkristo. Makureshi wakatuma wajumbe na zawadi ili wakimbizi wale warudishwe. Najashi hakuwatoa. Aliwaita pande zote mbili, akamsikiliza Jaafar bin Abi Talib akieleza imani yake na kumsomea katika Sura ya Maryam, kisha akawarudishia Makureshi zawadi zao. Basi kabla Uislamu haujapata dola wala jeshi, ulipata hifadhi katika uadilifu wa mfalme Mkristo wa Kiafrika. Deni hilo hatuna budi kulikumbuka daima.

Sasa na tuje katika nchi yetu. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikuwa lazima ipite Ugogo. Baada ya Mpwapwa wasafiri walikabiliwa na nyika isiyo na maji iliyoitwa Marenga Mkali, na walipoivuka waliingia katika nchi ya tembe, ya mtama na uwele, ya mibuyu na ng'ombe. Nchi ile ilikuwa na wenyewe. Watemi wa Kigogo walitoza hongo: nguo, shanga na nyaya, na wasafiri waliolipa walipata njia na maji. Miongoni mwa wasafiri wale walikuwamo Waislamu wengi wa pwani. Walikuwa wageni na wachache, nao walizungukwa na watu waliofuata mila zao za asili. Hata hivyo hongo ilitozwa juu ya mali na maji. Haikutozwa juu ya swala. Baadaye wamisionari Wakristo wa kutoka Uingereza, walioanza kituo chao Mpwapwa katika miaka ya 1876 hadi 1878, nao walifika kama wageni wanaotegemea ridhaa ya wenyeji.

Hatusemi haya ili kuipamba historia. Njia ile ile iliyopitisha wasomaji wa Kurani ilipitisha pia pembe za ndovu na watumwa waliofungwa minyororo, na waliowafunga walikuwamo watu wenye majina kama yetu. Wala wamisionari hawakubaki wageni tu, kwani nyuma yao ilifuata bendera ya dola ya kigeni. Mwenye kutaka kusema kweli huanza na makosa ya nyumbani kwake. Lakini jambo moja limebaki pale pale: Mwislamu na Mkristo, wote wawili, walipoingia Ugogo walikuta mlango ambao haukufungwa kwa sababu ya dini. Mwenye mlango hakuwa wa dini yao. Kwa hiyo hakuna kati yetu anayeweza kumwambia mwenziwe, "Hapa ni kwangu, wewe ni mgeni."

Kisha ikaja reli. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na ikafika Kigoma mwaka 1914, na ndiyo iliyoufanya mji wa Dodoma. Stesheni ikavuta watu: Wagogo wa vijiji vya karibu, Warangi wa Kondoa, ambao wengi wao ni Waislamu, watu wa pwani, Wanyamwezi, Wahindi wenye maduka. Msikiti na kanisa vikasimama katika mji mmoja, na wenye swala na wenye misa wakanunua mtama katika soko moja. Haukupita muda mrefu ila mji ule na nchi yake vikapatwa na mtihani. Majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza yalichukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, mvua zikakosekana, na baina ya miaka ya 1917 na 1920 Ugogo ikaingia katika njaa ambayo wazee waliiita Mtunya. Njaa ile haikumwuliza mtu dini yake. Watu waliookoka waliokolewa na undugu na ujirani, na kumbukumbu yake ilibaki kuwa mali ya wote.

Wakati wa ukoloni hapakuwa na usawa baina yetu. Elimu ya kisasa ilikuwa zaidi mikononi mwa misheni. Dayosisi ya Kianglikana ya Central Tanganyika, iliyoundwa mwaka 1927, na wenzao Wakatoliki, walijenga shule na hospitali nyingi katika nchi hii ya kati, na zilifaa watu wengi. Lakini mzazi Mwislamu aliyemtamania mwanawe kusoma aliogopa kwamba pamoja na hesabu mtoto ataondokewa na dini yake. Wapo walioacha kuwapeleka watoto shule, na upungufu huo ukarithiwa na wajukuu. Hata hivyo, ilipofika siku ya kudai Uhuru, Waislamu na Wakristo hawakutengana. TANU ilizaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954. Kiongozi wake, Mwalimu Julius Nyerere, alikuwa Mkatoliki, na wazee Waislamu wa mji ule walikuwa miongoni mwa waliompokea, wakamwamini na kumwombea dua.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 Taifa lilianza kusahihisha yaliyopotoka. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilitia shule nyingi za misheni mikononi mwa Serikali, na milango yake ikawa wazi kwa watoto wa dini zote. Hapa Dodoma shule ya Alliance, iliyokuwa ya misheni, ikapewa jina la Mazengo, mtemi mashuhuri wa Wagogo, na vijana Waislamu na Wakristo wakakaa dawati moja. Tukumbuke, ndugu zangu, kwamba jambo hili liliwagharimu Wakristo majengo waliyoyajenga kwa sadaka zao. Mwenye insafu hulitaja. Vilevile mwenye insafu hutaja kwamba mwaka 1968 jumuiya ya Kiislamu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1945, ilipigwa marufuku nchini, na mwaka ule ule BAKWATA ikaundwa; na wapo Waislamu waliolipokea jambo hilo kwa uchungu. Kila upande una ukurasa wake wa kafara, na kila upande una ukurasa wake wa malalamiko.

Uhuru wa dini uliandikwa katika Katiba kwa namna iliyo thabiti pale haki za binadamu zilipotiwa ndani ya Katiba ya mwaka 1977 kwa marekebisho ya mwaka 1984, na mwaka 1988 haki hizo zikaanza kudaiwa mahakamani. Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa imani na wa kuchagua dini. Inafanya kuitangaza dini kuwa jambo la hiari, na inaziweka shughuli za jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi. Maana yake ni kwamba Serikali haina dini, bali wananchi wake wanazo. Kanuni hii haigombani na imani yetu. Kurani katika Sura ya Baqara, aya ya 256, imekataza kulazimishana katika dini, kwa kuwa imani ya kulazimishwa si imani, bali ni hofu iliyovaa kanzu.

Lakini sheria ni ukuta, na ukuta huhitaji walinzi. Mwaka 2012 na mwaka 2013 nchi yetu ilitikiswa. Mwezi Oktoba 2012, huko Mbagala, Dar es Salaam, ugomvi wa watoto wawili uliohusu msahafu uligeuka kuwa ghasia, na makanisa yakachomwa moto. Mwezi Novemba, Zanzibar, Sheikh Fadhil Soraga wa Ofisi ya Mufti alimwagiwa tindikali. Tarehe 17 Februari 2013 Padri Evaristus Mushi aliuawa kwa risasi Zanzibar. Mwezi ule ule, huko Buseresere mkoani Geita, mchungaji aliuawa katika ugomvi juu ya nani mwenye haki ya kuchinja. Na tarehe 5 Mei 2013 bomu lilirushwa katika kanisa la Olasiti, Arusha, waumini walipokuwa katika ibada.

Tulisoma majina hayo tukatambua jambo moja. Sheikh na padri walidhuriwa katika kisiwa kimoja, katika majira yale yale. Anayevunja heshima ya ibada hachagui mlango mmoja tu. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa wa Mbagala ulikuwa mdogo kuliko kidole, nao ni maneno ya watoto. Laiti imamu na mchungaji wa mtaa wangalikuwa na mazoea ya kutembeleana, huenda jambo lile lingalimalizika kwa wazazi kukaa kitako na kuombana radhi.

Mtihani mwingine ulifika hapa hapa Dodoma. Tarehe 18 Februari 2014 Bunge Maalumu la Katiba lilianza vikao vyake, na wamo ndani yake wajumbe waliotoka katika taasisi za dini. Waislamu wengi walitaka Mahakama ya Kadhi itajwe katika Katiba, kama ilivyo kwa sheria huko Zanzibar. Haikutajwa. Mwaka 2015 muswada wa kuitambua kwa Tanzania Bara ulifikishwa Bungeni, viongozi wa makanisa wakaupinga, nao ukaondolewa. Wengi wetu tulisikitika, wala si aibu kulisema. Lakini na tujiulize: je, tulikwenda kwa jirani yetu Mkristo tukamweleza kwamba kadhi hatamhukumu yeye, bali atashughulika na mirathi, ndoa na talaka zetu sisi? Na je, tulimsikiliza alipotaja hofu yake, kwamba kodi yake itagharimia mahakama ya dini isiyo yake? Najashi alisikiliza pande mbili kabla ya kuhukumu. Sisi mara nyingi tulisikiliza upande mmoja, na wao vivyo hivyo.

Hata hivyo hoja ile ilisemwa ukumbini, kwa maneno. Hilo si dogo. Katika Bunge letu hapa Dodoma kila kikao hufunguliwa kwa dua moja inayomwomba Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, na wabunge wa dini zote husimama kuiitikia. Na mbunge mpya anapoapa, Mwislamu hushika msahafu na Mkristo hushika Biblia, na kiapo ni kimoja. Kushirikiana hakuna maana ya kuchanganya dini, wala hakuna maana ya kunyamaza. Maana yake ni kubishana bila kunyimana haki.

Na tutazame sasa kwa majirani, maana mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Uganda ilitawaliwa na Idi Amin tangu mwaka 1971. Mwezi Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Uganda aliuawa, na mwaka ule ule jumuiya nyingi za Kikristo zikapigwa marufuku. Wapo Waislamu waliodhani kwamba dhulma ile haiwahusu, kwa kuwa mtawala alikuwa na jina la Kiislamu. Amin alipong'olewa mwaka 1979, kisasi kiliwashukia wasio na hatia: katika wilaya ya Bushenyi Waislamu waliuawa na misikiti ikaharibiwa. Aliyekaa kimya kanisa lilipofungwa alikuta msikiti wake umekosa mtetezi. Hili ndilo fundisho la aya ya Sura ya Hajj lililoandikwa kwa damu.

Kwa upande mwingine tutazame Kenya. Tarehe 21 Desemba 2015, katika jimbo la Mandera, wauaji walilisimamisha basi wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Wanawake waliwapa Wakristo hijabu zao wajifunike. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi, na mwezi Januari 2016 akafariki dunia kwa majeraha. Hakuwa na silaha, na alichokuwa nacho ni kukataa. Wauaji wale walidai kuitetea dini yetu. Aliyeitetea kwa hakika ni mwalimu yule.

Basi, ndugu wasikilizaji, tufanye nini? Kwanza, kila familia ya Kiislamu na iwajue jirani zake wa dini nyingine kwa majina. Tushirikiane nao katika misiba, katika maji na katika usalama wa mtaa, kwa kuwa Sura ya Mumtahina, aya ya 8, haikutukataza kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiotupiga vita wala kututoa makwetu. Pili, habari ya kuchafuliwa kwa dini inayofika kwa simu isipelekwe mbele kabla haijathibitishwa. Sura ya Hujurat, aya ya 6, imetuamuru tuichunguze habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Tatu, malalamiko yetu, kama yale juu ya elimu na juu ya mapatano ya mwaka 1992 baina ya Serikali na makanisa katika huduma za afya na elimu, tuyaseme kwa hoja na kwa adabu. Tukumbuke kwamba Rais Benjamin Mkapa, aliyekuwa Mkatoliki, ndiye ambaye chini ya serikali yake Waislamu walikabidhiwa majengo yaliyokuwa ya umma kule Morogoro, na mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Waislamu kikaanza humo. Hoja njema hupata msikilizaji.

Nne, tushirikiane katika mambo yanayowanufaisha wote. Mwaka 2012 BAKWATA, Jumuiya ya Kikristo Tanzania, yenye makao yake makuu hapa Dodoma, na Baraza la Maaskofu Katoliki walitoa kwa pamoja taarifa juu ya mapato ambayo Taifa huyapoteza, yakiwamo ya migodini. Watu waliokaa pamoja kuhesabu haki ya maskini hawapigani upesi juu ya machinjio. Tano, tuwatetee walio wachache kuliko sisi: Mhindu mwenye hekalu lake, mwenye kufuata mila ya wazee wake, hata Mwislamu wa madhehebu tusiyoyafuata. Kipimo cha uadilifu ni haki ya yule asiyeweza kutulipa wala kutudhuru.

Nanyi vijana wanafunzi, nyinyi mnaoishi mabweni mamoja na wenzenu Wakristo katika vyuo vya Dodoma, mnao wakati ambao wazee wenu hawakuupata. Ulizeni, elezeni, wala msikejeli. Mwenye yakini na dini yake haogopi kuisikia ya mwenziwe.

Tangu mwaka 2010 Msikiti wa Gaddafi umesimama katika mji huu, na makanisa makubwa yamesimama katika mji huo huo. Siku moja mtu mwovu akija kwenye mlango wa kanisa, na awakute Waislamu wamesimama mbele yake. Na akija kwenye mlango wa msikiti, tunaamini atawakuta Wakristo.

Ewe Mwenyezi Mungu, ilinde nchi yetu na fitina, za dhahiri na za siri. Zilinde nyumba zote ambamo jina lako linatajwa. Tupe ndimi za kusema kweli na masikio ya kusikiliza, na utujaalie tuwe majirani wasioogopwa. Tunasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi nanyi na Waislamu wote. Amin.